Ovakloki ya nitrojeni ni nini, na kwanini mtu amwagie prosesa kitu chenye baridi ya nyuzi -196

Tuanze na ovakloki ya kawaida maana bila hiyo hii nyingine haieleweki. Prosesa, ile chipu ambayo ni ubongo wa kompyuta, inafanya kazi kwa mapigo, gigahetsi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde, na hayo mapigo yanatokana na namba mbili tu: saa ya msingi, ambayo kwenye mashine nyingi za leo ni megahetsi 100, na kizidishi. Ukiweka kizidishi 50 unapata 100 mara 50, yaani gigahetsi 5. Kuovakloki ni kuingia kwenye bayosi, yaani menyu ya mipangilio ya bodi yenyewe kabla Windows haijawaka, na kuzipandisha hizo namba kupita pale kiwanda kilipoziacha, basi, hakuna uchawi hapo. Intel wana prosesa zenye herufi K ambazo kizidishi chake hakijafungwa, AMD nao Ryzen zao nyingi ziko wazi, na watu wengi wanaishia hapo, wanaongeza megahetsi mia mbili tatu, feni inapiga kelele kidogo, gemu linatembea, maisha yanaendelea.

Ile ya nitrojeni, yaani kuipoza prosesa kwa nitrojeni ya kimiminika ili uipandishe mbali zaidi, ni mchezo mwingine kabisa, na nalisema hili mapema kwa sababu kila mtu akiona zile picha za moshi mweupe swali la kwanza ni "sasa hiyo mashine inafanyia nini?" Haifanyii kitu. Hakuna anayechezea gemu kwenye nitrojeni wala kuedit video, ni hobi ya kutafuta namba, kama ilivyo kwa watu wa mbio za magari ya mita mia nne wanaojenga gari zima kwa ajili ya sekunde chache. Unaijenga mashine mezani bila kasha, unaipandisha hadi mwisho wake, unapiga skrinshoti, inazima, umemaliza.

Sasa baridi inaingiaje? Wengi wanadhani baridi ndo inaongeza kasi, na hapo ndo wanapotea. Baridi inakupa nafasi ya kuongeza volti, na volti ndo inayoleta kasi. Ndani ya prosesa kuna mabilioni ya transista, swichi ndogo sana za umeme zinazofunguka na kufunga, ukitaka zifunguke haraka zaidi inabidi uzisukume kwa volti kubwa zaidi, ila ukipandisha volti joto linapanda vibaya sana kwa sababu umeme unaoliwa unakua kwa volti mara yenyewe, alafu bado unazidisha na mapigo. Juu ya hapo transista ikiwa ya moto inavujisha umeme hata ikiwa imefungwa, huo umeme unaovuja unaleta joto jingine, joto linaongeza uvujaji, mzunguko wa hovyo ambao mwisho wake ni mashine kuganda au kitu kuungua. Ukiipoza sana uvujaji unapungua mno, zile nyaya nyembamba za shaba ndani ya chipu zinapitisha umeme kwa urahisi zaidi, na prosesa ambayo kwa siku za kawaida inakaa kwenye volti 1.3 au 1.4 unaweza kuipeleka juu ya 1.6 na ikavumilia kwa muda. Kwa muda, nasisitiza.

Nitrojeni inachaguliwa kwa sababu inachemka kwenye nyuzi -196 na inapatikana kwa bei ambayo mtu anaweza kuimudu, maana malighafi yake ni hewa, asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni. Wanaoanza wengi wanapitia barafu kavu kwanza, ile ya kaboni dayoksaidi, inayofika nyuzi -78 hivi. Juu kabisa kuna heliamu ya kimiminika, nyuzi -269, ila hiyo ni ya wakubwa wenye wadhamini, ghali halafu haidumu: lita moja ya heliamu ikichemka inaondoa joto pungufu mara kama 60 ukilinganisha na lita ya nitrojeni, yaani unamimina huku unaona hela zinapaa.

Chombo chenyewe ni kikombe kirefu kinene cha shaba, wenyewe wanakiita poti, kinabanwa juu ya prosesa pale ambapo ingekaa feni. Ndani sakafu yake imetobolewa mashimo mashimo ili nitrojeni iguse shaba eneo kubwa zaidi. Nitrojeni inakuja kwenye mtungi maalum wenye kuta mbili na ombwe katikati, kitu alichobuni Mskoti James Dewar mwaka 1892, na chupa ya chai ya nyumbani kwako ni mtoto wa huohuo ubunifu. Ndo maana hata hawa jamaa mkononi wanashika chupa ya chai ya chuma, wanachota kutoka mtungini na kumimina kidogo kidogo. Mfuniko hauzibwi kamwe. Nitrojeni inachemka muda wote na gesi yake isipopata pa kutokea chupa inapasuka, wala si utani.

Kumimina kwenyewe ni kazi ya mikono na macho. Kuna waya wa kipimajoto umechomekwa kwenye poti, jicho moja liko kwenye namba ya nyuzi na jingine kwenye skrini, mzigo ukipanda unamwaga zaidi, ukishuka unapunguza. Kwa hesabu ya fizikia prosesa inayokula wati 500 inamaliza lita moja kwa dakika tano na kitu, kwa hiyo mchana mmoja wa kucheza unaweza kuondoka na lita kumi, ishirini au zaidi. Na pembeni ya meza utakuta tochi ya gesi, ile ya kuchomelea, watu wanashangaa ya nini wakati tunatafuta baridi, jibu ni kwamba kuna wakati baridi inazidi na inabidi upashe poti haraka.

Maana baridi nayo ina kikomo chake. Prosesa nyingi zikishuka chini ya nyuzi fulani zinagoma tu, mashine inazima ghafla bila kuungua chochote, nyingine inaendelea kufanya kazi kwenye nyuzi -150 ila ukiizima haiwaki tena mpaka uipashe moto irudi -100 kwanza. Kila toleo lina tabia zake, na hata chipu mbili za toleo moja zinatofautiana, ndo maana kuna watu wananunua prosesa kibao za aina moja wanazipima moja moja wanabaki na iliyo bora. Sandy Bridge za Intel za 2011 zilikuwa na sifa mbaya upande huu, nitrojeni ilikuwa haizisaidii sana. Phenom II za AMD za 2009 zilikuwa kinyume, baridi yoyote zinameza, mpaka AMD wenyewe walizimwagia heliamu hadharani kama tangazo.

Adui mkubwa lakini ni maji. Hewa ina unyevu, unyevu ukigusa chuma cha nyuzi -150 unakuwa barafu hapohapo, poti linaota theluji nyeupe kama friza la zamani, na siku barafu hiyo ikiyeyuka juu ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ikiwa na umeme umekwisha. Kwa hiyo kabla ya tone la kwanza la nitrojeni kuna saa nzima ya maandalizi: bodi inapakwa mafuta ya vaselini kila pembe ya kuzunguka soketi, wengine wanapaka rangi ya kucha au mpira wa maji unaokauka, juu yake inakuja sponji nyeusi ya kuzuia baridi, ileile wanayovisha mafundi eisii kwenye mabomba, alafu tishu zimeviringishwa kwenye shingo ya poti kunyonya matone. Mazabodi ya laki kadhaa imepakwa vaselini kama mtoto anayeenda shule asubuhi ya baridi, ukiiona mara ya kwanza unacheka. Kwa mtu wa Dar au Mombasa hii kazi ingekuwa ngumu mara mbili, unyevu wa pwani ni balaa, Arusha au Nairobi walau hewa ni kavu zaidi.

Kitu kingine kinachowatesa ni pesti, ule uji unaopakwa kati ya prosesa na poti. Kwenye baridi ile pesti ya kawaida inakauka na kupasuka, mguso unakatika, na ghafla unaona poti liko -180 wakati prosesa imepanda nyuzi makumi kwa sekunde chache. Hapo hakuna njia ya mkato, unapasha kila kitu, unafungua, unafuta, unapaka upya, unaanza tena, na nitrojeni iliyotumika imeshaenda zake.

Mashindano yenyewe yana sura mbili. Kuna ya kasi tupu, ambapo unaonyesha tu kwamba prosesa ilifika gigahetsi kadhaa, programu ya CPU-Z ya Wafaransa inanasa hiyo namba na kuithibitisha, hapa watu wanazima karibu kori zote (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kila moja kivyake) wanabakiza moja au mbili, na mashine inahitaji kusimama sekunde chache tu. Na kuna ya kazi, ambapo lazima imalize jaribio zima bila kuanguka, mfano Super Pi iliyotoka maabara ya Profesa Kanada (jina la mtu, si nchi) wa Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1995, ambayo kwenye kiwango cha 32M inakokotoa tarakimu za pai zaidi ya milioni 33, au Cinebench inayokamua kori zote kwa pamoja. Matokeo yanapangwa kwenye tovuti ya HWBOT, huko unaona duniani nani yuko wapi kwa kila aina ya chipu, na si chipu mpya tu, kuna watu wanagombania rekodi ya Pentium ambayo wewe uliitupa. Mimi binafsi namheshimu zaidi wa Super Pi kuliko wa kasi tupu, sekunde mbili za bahati mtu yeyote anaweza kuzipata lakini kushikilia dakika kadhaa huku unamimina kwa mkono ni ufundi.

Ila vichwa vya habari vinaenda kwa kasi tupu. Mwaka 2003 tovuti ya kompyuta ya Tom's Hardware upande wa Ujerumani walitoa video ya Pentium 4 ikivuka gigahetsi 5 kwa nitrojeni na dunia ikashangaa. Mwaka 2011 AMD FX-8150 ikapelekwa 8.429 kwa heliamu na kuingia Guinness. Mwaka 2014 jamaa wa Ufini anayejiita The Stilt akaifikisha FX-8370 kwenye 8.722 na hiyo ikakaa miaka minane bila kuguswa, mpaka Oktoba 2022 Msweden anayejiita Elmor alipochukua Core i9-13900K akapata 8.812 kwa nitrojeni, miezi miwili baadaye kwa heliamu akavuka 9, na Machi 2024 akafika 9.117 kwa i9-14900KS. Angalia vizuri lakini, toka 2011 mpaka 2024 ni ongezeko la gigahetsi 0.7 tu. Kwenye gigahetsi 9 pigo moja ni fupi kiasi kwamba mwanga wenyewe unatembea sentimita 3.3 tu kabla pigo linalofuata halijaja, fizikia inaanza kubana kweli.

Hatari. Kuungua kwa baridi watu wote wanakujua na kwa kweli si ndo kubaya zaidi, tone likidondoka kwenye ngozi kavu mara nyingi linateleza na kuondoka, likinaswa ndani ya glavu ya kitambaa au kiatu hapo ndo linakula nyama. Kibaya ni hewa. Lita moja ikiyeyukia hewani inakuwa lita karibu 700 za gesi isiyo na rangi wala harufu. Chukua chumba cha mita tatu kwa tatu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya eisii, ukimaliza lita kumi humo oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 hadi kama 15, na mwili haukupi onyo, husikii kukabwa, unachanganyikiwa kidogo alafu unaanguka. Madirisha wazi, feni inavuta nje, na usiwe peke yako. Na mtungi usiubebe ndani ya gari lililofungwa vioo.

Huku kwetu watu wanauliza hiyo nitrojeni mtu ataitoa wapi, wakati ipo siku nyingi tu, wafugaji wanaijua kuliko sisi wa kompyuta. Mbegu za madume bora zinahifadhiwa humo, Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji pale Usa River na kile cha Kabete kule Kenya vinaishi kwa nitrojeni, na mtaalamu anayekuja kijijini na mtungi kwenye pikipiki amebeba kitu kilekile kinachomiminwa kwenye prosesa ya milioni na kitu. Kinachokosekana ni poti, bodi yenye swichi ya kuwakia kwenye baridi, na roho ya kukubali kuua vifaa. Anayetaka kuanza achukue prosesa ya zamani ambayo haimuumi, ajifunze kwanza bayosi na volti kwa feni ya kawaida mpaka ajue chipu yake inagoma wapi na kwanini, baada ya hapo ndo aangalie barafu kavu.