Simfoni ya Nane ya Bruckner: usimlaumu mwongoza okestra kabla ya kuangalia nota

Rekodi mbili za Simfoni ya Nane ya mtunzi Anton Bruckner zikipishana, sifa au lawama humwendea mwongoza okestra. Mara nyingi anaonewa. Huenda wanamuziki hawakuwa na nota zilezile mbele yao.

Dhana: toleo la 1887 ni rasimu tu

Bruckner aliiona kazi imekamilika alipompelekea Hermann Levi, mwongoza okestra wa Munich, Septemba 1887. Levi alikuwa mtu wake: ndiye aliyeiongoza Simfoni ya Saba mjini humo mwaka 1885. Hii ya Nane ilimshinda kuielewa, akaikataa. Bruckner aliumia sana, kisha akaiandika upya hadi Machi 1890. Toleo hilo la pili ndilo Vienna ililosikia tarehe 18 Desemba 1892, chini ya Hans Richter.

Dhana: marekebisho yaliiharibu

Wanaosema hivi humwona Levi kama mtu aliyemvunja fundi moyo, akamfanya akate palipo pazuri. Sawa, sehemu ya nne ilipungua kutoka vipimo (vipande vidogo vya mapigo ya muziki) 771 hadi 709, na kuna vilivyokatwa ambavyo hata mimi navililia. Lakini sikiliza mwisho wa sehemu ya kwanza. Mwaka 1887 inafunga kwa kishindo cha okestra nzima. Katika marekebisho Bruckner alikifuta kishindo hicho, akaacha muziki ufifie hadi uishe; mwenyewe aliufananisha na saa inayoendelea kugonga mbele ya mtu anayekata roho. Katika simfoni zake zote zenye namba, hakuna sehemu nyingine ya kwanza inayoisha kwa sauti ya chini hivyo. Kwa ukurasa huo peke yake, Levi anastahili shukrani. Matoazi ya Adagio, sehemu ya tatu ya mwendo wa polepole, nayo, yaliyolia mara sita, yalibaki mara mbili. Afadhali.

Dhana: chapa ya Haas ndiyo ya asili

Hapa ndipo wengi hunasa. Mhariri wa nota Robert Haas, mwaka 1939, alichukua toleo la 1890 akarudishia vipande vya 1887, akiamini Bruckner alivikata kwa kushinikizwa. Muziki uliotoka ni mtamu, ila Bruckner mwenyewe hakuwahi kuuandika kwa mpangilio huo. Mhariri aliyemfuata, Leopold Nowak, aliyatenganisha matoleo: la 1890 akalichapisha mwaka 1955, la 1887 mwaka 1972. Kati ya waongoza okestra, Herbert von Karajan na Günter Wand walimfuata Haas. Eugen Jochum na Carlo Maria Giulini walimfuata Nowak, kwa nota za 1890.

Dhana: rekodi ndefu zaidi ina nota nyingi zaidi

Mwongozaji Eliahu Inbal alirekodi toleo la 1887, lile refu, Frankfurt mwaka 1982: kama dakika 75. Mwenzake Sergiu Celibidache, Munich 1993, alishika toleo fupi la 1890 akapita dakika 100. Dakika hupima mwendo wa mwongozaji, si idadi ya nota.

Jalada lisiposema lolote, ruka hadi mwisho wa sehemu ya kwanza: ukisikia kishindo, hilo ni la 1887. Kati ya Haas na Nowak wa 1890, tega sikio muda mfupi kabla ya kilele cha Adagio. Haas ana vipimo kumi vya upole pale, Nowak hana.