Notisi ya kuhama: si miezi mitatu kwa kila mpangaji

Waulize wapangaji wa Chikongola, Magomeni au Shangani, hapa Mtwara mjini, notisi ya kuhama ni ya muda gani. Wengi watakujibu miezi mitatu. Wengine watasema mwezi. Wapo pia wanaoamini kwamba notisi ni wajibu wa mwenye nyumba peke yake, na kwamba mpangaji asiyedaiwa anaweza kufunga virago hata kesho asubuhi. Sheria haisemi hivyo. Inaangalia kwanza unalipa kodi kwa kipindi gani, kisha inaangalia notisi yako inaishia tarehe ipi. Hilo la pili ndilo linalowaponza watu.

Msingi wake uko kwenye kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999. Kama makubaliano yenu hayakutaja upangaji utaisha lini, wala hayakusema lolote kuhusu notisi, sheria inauhesabu kuwa upangaji wa kipindi hadi kipindi: unalipa, unakaa, kipindi kikiisha unaingia kingine. Hata asiye na karatasi yoyote yumo humo. Umeoneshwa chumba, mmekubaliana bei kwa mdomo, umekabidhiwa ufunguo, unalipa kodi. Wewe ni mpangaji mbele ya sheria. Upangaji wa namna hii unaweza kusitishwa na upande wowote, mpangaji au mwenye nyumba, kwa kutoa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, na notisi hiyo iishie siku ambayo kodi inapaswa kulipwa.

Kwa hiyo anayelipa kila wiki anatoa wiki. Anayelipa kila mwezi anatoa mwezi. Anayelipa kila miezi mitatu anatoa miezi mitatu, na huyo ndiye ambaye jibu la mtaani linamkuta sawasawa. Miezi mitatu hiyo imeenea zaidi kwa sababu ya mikataba ya kuchapishwa inayouzwa stationari, ambayo mara nyingi imeiweka tayari. Ukisaini mkataba wenye kipengele hicho, kinakubana, kwa kuwa kifungu cha 79 kinaingia pale ambapo wenyewe hamkukubaliana. Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ambayo baadhi ya wazee wetu bado wanaitaja, ilifutwa mwaka 2005. Usiitegemee.

Tuje kwenye tarehe. Chukua mpangaji wa chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi, kodi inalipwa kila tarehe 1. Tarehe 12 Machi anamwambia mwenye nyumba kwamba anahama, na kwa hesabu yake mwezi mmoja unaisha tarehe 12 Aprili. Kwa hesabu ya sheria sivyo. Siku ya kodi inayofuata ni tarehe 1 Aprili, lakini kutoka tarehe 12 Machi hadi hapo mwezi haujatimia. Notisi inasogea mpaka siku nyingine ya kodi, tarehe 1 Mei. Kodi ya Aprili yote ni yake, hata kama vitu vyake vimeshapakiwa kwenye bajaji. Angeipeleka notisi hiyohiyo tarehe 28 Februari, angekuwa huru tarehe 1 Aprili. Siku chache za kujivuta zimemgharimu 60,000.

Ndiyo maana nawashauri wapangaji wasianze kwa kuuliza "notisi ni ya muda gani", waanze kwa kukumbuka siku yao ya kodi. Ulihamia tarehe 15 na ukalipa siku hiyo? Basi siku yako ni tarehe 15, hata kama mwenye nyumba hupitia kodi mwisho wa mwezi kwa sababu ndipo mishahara inapotoka.

Sasa lile gumu. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima. Je, aliyelipa miezi sita anatoa notisi ya mwezi au ya miezi sita? Inategemea mlichokubaliana, na hapa kuna hali mbili ambazo watu huzichanganya. Kama mlisema "unakaa miezi sita, kuanzia Januari hadi mwisho wa Juni", huo ni upangaji wenye mwisho wake. Juni ikiisha umeisha wenyewe, na notisi haihitajiki isipokuwa mkataba umeitaka. Lakini kabla ya Juni huna haki ya kuondoka katikati na kudai kodi iliyobaki irudishwe, mpaka mkataba useme hivyo au mwenye nyumba aridhie. Kama hamkutaja mwisho wowote, mlisema tu kwamba kodi italipwa kila miezi sita, mwenye nyumba ana hoja nzito ya kudai notisi ya miezi sita. Wewe unaweza kujibu kwamba bei ilitajwa kwa mwezi na malipo ya pamoja yalikuwa namna ya kulipa tu, na risiti zikikuunga mkono unaweza kusikilizwa. Binafsi nisingependa mpangaji yeyote aingie barazani akiwa na hoja hiyo peke yake. Ni rahisi zaidi kuandika mstari mmoja siku ya kulipa: "Kila upande unaweza kusitisha upangaji huu kwa notisi ya mwezi mmoja." Dalali atakuambia hiyo haina haja. Yeye ameshachukua chake.

Jambo jingine huwagusa sana watumishi wa umma. Mwalimu anapata barua ya uhamisho kutoka Tandahimba kwenda Nachingwea, anatakiwa kuripoti haraka, anadhani uhamisho wenyewe unamwondolea notisi. Haumwondolei. Mwenye nyumba hakuwa sehemu ya makubaliano yako na mwajiri. Wengi wao huelewana kiungwana, na huo ndio utu wa watu wa huku, lakini uungwana si kipengele cha mkataba. Mtumishi anayejua anaweza kuhamishwa wakati wowote aombe kipengele cha uhamisho kabla hajalipa.

Wafanyabiashara wanaopanga fremu na maghala wakati wa korosho nao wana mtego wao. Wanakubaliana "kwa msimu". Msimu unaisha lini? Mnada wa mwisho ukifungwa, au mzigo wa mwisho ukitoka ghalani? Andikeni tarehe. Mashamba yana hesabu nyingine: kwa ardhi ya kilimo iliyopangishwa bila muda maalumu, kipindi kinachohesabika ni miezi sita, na ardhi ya kijiji ina sheria yake, Na. 5 ya mwaka 1999. Hayo tuyaache leo.

Namna ya kutoa notisi ina adabu yake na ina ushahidi wake. Kumtupia mzee wa watu barua mlangoni bila kubisha hodi ni kujitafutia ugomvi usio na sababu. Nenda, salimia, kaeni, mweleze kwamba unahama na lini. Kisha mpe karatasi, nakala mbili, moja abaki nayo na nyingine aisaini na kuandika tarehe aliyoipokea. Kama hasomi, asomewe mbele ya shahidi mnayemwamini wote na aweke dole gumba. Maneno matupu yana uzito wake, ila siku ya mzozo kila mtu atayakumbuka kwa namna yake. Ujumbe wa simu au WhatsApp unaweza kupokelewa kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu. Usiufute, na usibadilishe simu bila kuuhifadhi.

Barua haihitaji mwanasheria. Inatosha kuandika: "Mama, mimi mpangaji wako wa chumba cha uani, nyumba yako ya Chikongola, nakujulisha leo tarehe 26 Februari kwamba nitakabidhi chumba tarehe 1 Aprili, siku ya kodi. Kodi ya Machi nitailipa kama kawaida." Jina, saini, basi. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuandika "nitahama hivi karibuni". Hiyo ni taarifa ya nia, mwenye nyumba hawezi kumtafutia mpangaji mwingine kwa tarehe ya namna hiyo.

Ukiondoka bila notisi, mwenye nyumba anaweza kukudai kodi ya kipindi ambacho notisi ingechukua. Lakini Sheria ya Mikataba, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa makubaliano fidia ya hasara iliyompata kweli, na inaangalia pia alichoweza kufanya kuipunguza. Kama chumba kimepata mpangaji mpya baada ya wiki moja, kudai mwezi mzima kwa chumba kilekile ni kutaka kulipwa mara mbili. Vivyo hivyo, mkikubaliana uondoke mapema kuliko notisi inavyotaka, hakuna ubaya wowote. Andikeni tu kwamba amepokea ufunguo na hakudai.

Siku ya kukabidhi, pitieni chumba pamoja, lipa bili ya maji ya MTUWASA, au LUWASA kama uko Lindi, na muandikishane kiasi cha amana kinachorudi kama uliiweka. Kuchakaa kwa kawaida, rangi iliyofifia au bawaba iliyolegea, si uharibifu wa mpangaji.

Mkishindwana, mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwasuluhisha, ila hana mamlaka ya kuamua nani alipe. Mgogoro wa upangaji huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 linasuluhisha tu na halitoi hukumu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Beba risiti za kodi, ile nakala ya notisi yenye tarehe ya kupokelewa, na hati ya Baraza la Kata inayosema usuluhishi umeshindikana. Bila hati hiyo, na kama siku 30 hazijapita, utarudishwa kwenye kata.