Programu-jalizi ya Notepad++ haionekani? Anza na folda, kisha biti

Umepakua programu-jalizi (plugin, yaani nyongeza) ya Notepad++, kihariri cha maandishi cha Windows, umeiweka ndani ya folda ya plugins, umeifungua Notepad++ upya, na kwenye menyu ya Plugins hakuna kitu. Wengi wakifika hapo huiondoa Notepad++ yote na kuisakinisha tena. Sishauri hivyo. Mara nyingi kosa liko kwenye faili uliyoiweka, na usakinishaji mpya utalikuta pale pale.

Fungua kwanza menyu ya alama ya kuuliza, bofya Debug Info. Juu utaona toleo na biti zake (32 au 64), katikati mstari wa Path unaoonyesha mahali ilipo nakala unayoitumia, chini orodha ya Plugins. Jina likiwemo kwenye orodha hiyo, programu-jalizi imepakiwa, na shida yako ni ya mipangilio. Lisipokuwemo, tazama Path. Mwenye nakala mbili, moja iliyosakinishwa na nyingine ya kubebwa kwenye flashi, huweka faili kwenye hii akafungua ile.

Sasa folda, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Tangu toleo la 7.6, lililotoka 2018, kila DLL, yaani faili ya programu-jalizi yenyewe, inakaa ndani ya folda yake yenye jina lile lile, kama hii ya programu-jalizi ya NppFTP:

C:\Program Files\Notepad++\plugins\NppFTP\NppFTP.dll

Maelekezo ya zamani bado yanasema uitupe DLL moja kwa moja ndani ya plugins. Ukiyafuata, Notepad++ itaipita kimya, bila ujumbe wowote. Zip nayo ina mtego wake: ukiifungua kwa Extract All, Windows huunda folda yenye jina la zip, tuseme NppFTP-x64. Notepad++ ikiiona folda hiyo hutafuta NppFTP-x64.dll, haiikuti, inaendelea na safari. Badilisha jina la folda, DLL iache ilivyo. Hakikisha pia hakuna folda ndani ya folda. Kabla ya kunakili, funga Notepad++, kwa sababu DLL inayotumika haikubali kuandikwa juu yake. Na ndani ya Program Files utahitaji ruhusa ya msimamizi.

Folda ikiwa sawa na bado inakataa, safari hii kwa ujumbe wa kosa, shuku biti. Notepad++ ya biti 64 haiwezi kupakia DLL ya biti 32, hata kama Windows yenyewe inaendesha programu za aina zote mbili. Huna uhakika umepakua ipi? Ifungue DLL ndani ya Notepad++ yenyewe. Itaanza na herufi MZ. Shuka kidogo, upite sentensi inayotaja DOS, utakuta PE. Baada ya PE na alama mbili za NUL (baiti tupu), ukiona L, hiyo ni ya biti 32. Ukiona d ikifuatwa na †, ni ya biti 64. Kama faili imefunguka kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8, mahali pa † utaona kisanduku kimeandikwa x86. Kisikudanganye: hiyo ni namba ya baiti tu, na DLL bado ni ya biti 64. Funga bila kuhifadhi.

Biti zikilingana, angalia umri wa programu-jalizi. Toleo la 8.3 la 2022 liliruhusu faili zinazozidi GB 2 kwenye biti 64, na mabadiliko hayo yalilazimu baadhi ya programu-jalizi kuundwa upya. Iliyoachwa na mwandishi wake kabla ya hapo huenda isifanye kazi tena. Kuna pia kizuizi cha Windows kwa faili zilizotoka intaneti: bofya zip kwa kitufe cha kulia, Properties, weka tiki kwenye Unblock, ndipo uifungue. Ukisakinisha kupitia Plugins Admin, kisakinishi kilichomo ndani ya menyu ya Plugins, unaepuka karibu yote haya, kwa hiyo njia ya mkono ninaiacha kwa zile zisizopatikana humo.

Notepad++ ikizima yenyewe mara inapofunguka, iendeshe hivi:

notepad++.exe -noPlugin

Ikisimama vizuri, mkosaji yumo kati ya programu-jalizi. Hamisha nusu ya folda nje ya plugins, ifungue kawaida. Ikizima tena, mkosaji yuko kwenye nusu iliyobaki. Isipozima, yuko kwenye uliyoitoa. Gawa nusu hiyo tena. Kwa programu-jalizi 16, majaribio manne yanatosha.