Eti hisa ni kamari tu?

Hii stori ya "hisa ni kamari" imekaa sana Kenya, na ukiuliza wengi watakutajia Safaricom, kampuni ya simu, 2008. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mara ya kwanza kwa shilingi 5 moja, watu wakakopa mpaka benki wakijua wiki mbili tu wanauza na faida, bei ikapanda kidogo halafu ndani ya miezi ikarudi chini ya 5, wakauza kwa hasira na mkopo bado wanalipa. Hapo kosa ni la soko kweli?

Kwenye kamari ukishindwa pesa imeenda, basi. Hisa ni kipande cha biashara, kampuni ikipata faida inaweza kukupa gawio hata kama bei imelala. Aliyetulia na zile za 5 aliziona zikipita 40 mwaka 2021, halafu 2023 zikawa chini ya 20, na hata hapo bado yuko juu ya alichoweka (mfumuko wa bei nao umekula chake, tuseme ukweli).

Ila kukaa tu nako si dawa. Waulize waliokuwa na Mumias Sugar, madeni yaliizidi mpaka 2019 benki iliyoidai ikaweka meneja wake aisimamie ili irudishiwe deni. Ndo maana usiweke zote kampuni moja, na pesa ya karo ya Januari usiipeleke huko kabisa. Kama kuchagua kampuni kunakuchosha kuna mifuko ya pamoja, watu wengi wanachanga na wataalamu wanawawekezea. Tanzania UTT AMIS (kampuni ya serikali inayosimamia mifuko hiyo) wana Mfuko wa Umoja ulioanza 2005, unanunua vipande kidogo kidogo na pesa inasambazwa sehemu nyingi, bei ya kipande inaweza kushuka pia lakini kampuni moja ikifa huzami nayo.