Roboti inayotembea haimwigi aliyeivalia vifaa

Kila inapozuka video ya mtu aliyejifunga mikanda na nyaya mwilini, na mbele yake roboti ya miguu miwili inakanyaga kila anapokanyaga, watu hurudia neno lile lile: roboti inamwiga. Watangazaji wanalisema, walimu wanalisema, na sasa hata mafundi wa mitambo wameanza kulisema. Silikubali, kwa sababu linaficha jambo gumu na zuri kuliko yote katika kazi hii.

Maana yenyewe ni fupi. Kuendesha roboti kwa vifaa vya kuvaliwa ni kumvika mtu vihisi vinavyosoma mkao wake, mwendo wake na namna anavyokanyaga, kisha kompyuta igeuze habari hizo kuwa amri kwa mota za roboti. Vifaa vinaweza kuwa glavu, fulana, viatu vyenye vihisi vya mgandamizo, miwani ya uhalisia pepe au fremu ya chuma inayofungwa kiunoni.

Kuiga kunafaa kwa mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Raymond Goertz na wenzake katika maabara ya Argonne, Marekani, walitengeneza mikono ya mitambo ya kushikia vitu vyenye mionzi. Mtu alikaa upande salama wa ukuta akasogeza mkono wake, na mkono wa chuma upande wa pili ukafuata. Ukikosea kidogo, chupa inagongwa, mtu anarekebisha, kazi inaendelea. Mtambo umefungwa mahali pake, hauna pa kuanguka.

Miguu ni habari nyingine kabisa. Roboti inayotembea iko katika kuanguka karibu muda wote, na kila hatua ni kuliwahi anguko kabla halijatimia. Simamisha fimbo ndefu juu ya kiganja, kisha jaribu penseli. Fimbo inakupa nafasi ya kusogeza mkono, penseli imeshalala. Kinachoamua ni kimo, kutoka chini, cha kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo uzito wote wa mwili unasawazika. Gawanya kimo hicho cha mita kwa 9.8, ambao ni mchapuko wa graviti ya dunia, chukua kipeuo cha pili, utapata muda unaopima uharaka wa anguko: ukiwa mfupi, anguko ni la haraka. Mtu ambaye kitovu chake kiko mita 1 juu ya ardhi anapata sekunde 0.32 hivi. Roboti ndogo yenye kitovu kwenye sentimita 25 inapata sekunde 0.16. Kimo ni robo, muda ni nusu. Sasa iamuru roboti hiyo iige viungo vyako pembe kwa pembe, kwa mwendo wako wewe: itakuwa chini kabla hujamaliza hatua. Na hata mkilingana kimo, uzito wake umegawanyika kwingine, na sakafu inayoikanyaga siyo uliyoikanyaga wewe.

Ndiyo maana João Ramos na Sangbae Kim, walipotoa mwaka 2019 kazi yao ya roboti iitwayo Little HERMES kule MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, hawakuishia kunakili mwendo wa miguu. Walitazama hasa kitovu cha uzito cha mwendeshaji kiko wapi, kinaelekea wapi na kwa kasi gani. Hayo yakapimwa upya yalingane na kimo na uzito wa roboti. Kisha, na hapa ndipo moyo wa jambo ulipo, habari zikarudi: mota zilizounganishwa na kiwiliwili cha mwendeshaji zilimsukuma pale mwendo wa roboti ulipopishana na wake. Roboti ikibaki nyuma, mtu anahisi mwilini kwamba imebaki nyuma, naye anajirekebisha bila kungoja macho yamwambie. Wawili hao wanakanyaga kwa pamoja kwa sababu kila mmoja anamsikiliza mwenzake. Anayeiga hamrudishii kitu anayemwiga.

Wazo la nguvu kurudi kwa mwendeshaji si geni. Katika miaka ya 1960 Ralph Mosher wa kampuni ya Marekani ya General Electric alijenga gari la miguu minne, dereva akiendesha kila mguu kwa mkono au mguu wake na kuhisi uzito unaokutana nao. Lilitembea, lakini lilimchosha dereva upesi mno, kwa kuwa kila kiungo kilimtegemea yeye. Leo sehemu ya mzigo huo hubebwa na kompyuta.

Kwa hiyo ukikutana tena na video ya namna hiyo, acha kwanza miguu ya roboti, tazama kiwiliwili cha mtu. Ukiona anasukumwa na kifaa alichofungwa, sema wanasawazishana. Usipoona kitu kinachomrudia, sema tu kwamba anaiongoza kwa mbali. Nayo ni kazi ya ufundi, inastahili jina lake.