Je, wajua kwa nini shabiki wa besiboli hununua kitabu cha takwimu kila mwaka?

Kila mwaka baridi inapoelekea ukingoni huko Marekani, timu za besiboli zikiwa bado kwenye mazoezi ya kujiandaa na msimu, hutoka vitabu vinene vilivyosheheni namba. Kila mchezaji ana safu zake za takwimu, na chini yake aya ya uchambuzi. Wanaovinunua wengi wao ni mashabiki wa kawaida. Kwa nini mtu atoe pesa yake kusoma mahesabu ya mchezo ambao ameshautazama?

Kwanza, mchezo wenyewe unahesabika. Kwenye soka wachezaji 22 wanatembea kwa pamoja, na watu wanaweza kubishana wiki nzima bao limezaliwa na nani. Kwenye besiboli mrushaji anarusha, mpigaji anapiga au anakosa, kisha mambo yanasimama. Kila tukio lina mwenyewe, na linaandikwa. Tena kila timu ya ligi kuu hucheza mechi 162 kwa msimu.

Pili, macho hayatoshi. Chukua wapigaji wawili, kila mmoja na majaribio 500. Mmoja kafanikiwa mara 150, huyo ni nyota. Mwingine mara 138, huyo ni wa kawaida tu. Tofauti yao ni mapigo 12 katika msimu wa miezi sita, yaani takriban pigo moja kila baada ya wiki mbili. Shabiki anaweza kukaa jukwaani kila siku na asiione tofauti hiyo. Daftari ndilo linaloiona.

Daftari hilo lina historia ndefu. Henry Chadwick, mzaliwa wa Exeter, Uingereza, alihamia Marekani akiwa mtoto na baadaye akawa mwandishi wa habari za michezo. Mwaka 1860 alihariri Beadle's Dime Base-Ball Player, kijitabu cha senti kumi kinachotajwa kuwa mwongozo wa kwanza wa mwaka wa besiboli. Herufi K, ambayo mashabiki huiandika hadi leo mpigaji anapotolewa kwa kukosa mara tatu, ni yake: aliichukua mwishoni mwa neno la Kiingereza struck.

Lakini Chadwick aliacha pengo, na hapa ndipo kisa kinaponoga. Mrushaji akirusha mipira minne mibovu, yaani iliyopita nje ya eneo la kupigia, na mpigaji akajizuia asiipige, mpigaji hupewa bure kituo cha kwanza kati ya vinne anavyopaswa kuvizunguka. Chadwick aliona hilo ni kosa la mrushaji, kwa hiyo mpigaji hakustahili sifa yoyote. Wastani wa upigaji, yaani mapigo yakigawanywa kwa majaribio, ukajengwa bila kuhesabu vituo vya bure. Msimu wa 1887 vilijumuishwa kama mapigo, kisha mwaka uliofuata vikaondolewa tena. Miaka mingi ikapita, na mchezaji mwenye jicho kali na subira akawa anaonekana dhaifu kwenye kipimo kilichotazamwa na kila mtu.

Aliyelivalia njuga jambo hilo kwa ufasaha kuliko wengine alikuwa mlinzi wa usiku. Bill James alikuwa analinda kiwanda cha maharage ya kopo huko Lawrence, Kansas, huku akichambua takwimu. Mwaka 1977 alijichapishia kijitabu cha kurasa 68. Ziliuzwa nakala kama 75 hivi. Hakukata tamaa, akatoa kingine mwaka uliofuata, na kufikia 1982 vitabu vyake vilikuwa vinatolewa na mchapishaji mkubwa. Alisimamisha mfululizo huo 1988.

Swali lake lilikuwa jepesi: timu hushinda kwa kupata mikimbio mingi (mkimbio ni alama inayopatikana mchezaji anapomaliza kuzunguka vituo vyote), sasa mikimbio inatoka wapi? Katika kanuni yake, mpigaji alihesabiwa kila mara alipofika kituoni, awe amepiga au amesubiri. Pengo la Chadwick likaanza kuzibwa. Mwaka 1984 ligi kuu ikakifanya kiwango cha kufika kituoni kuwa takwimu rasmi. Mwaka 2002 Oakland, timu yenye bajeti ndogo iliyowathamini wachezaji wa aina hiyo, ilishinda mechi 20 mfululizo. Boston Red Sox wakamwajiri James mwenyewe, na mwaka 2004 wakatwaa ubingwa walioukosa tangu 1918.

Kwa nini basi kitabu kiwe cha kila mwaka? Kwa sababu matokeo ya msimu uliopita yamechanganyika na bahati. James alionyesha kwamba ukizidisha mikimbio iliyofungwa kwa yenyewe, ukafanya hivyo pia kwa iliyofungwa na wapinzani, kisha ukagawa ya kwanza kwa jumla ya zote mbili, unapata sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda. Timu iliyofunga 800 na kufungwa 700 inapata 0.566, yaani ushindi wa mechi 92 kati ya 162. Kama ilishinda 98, zile sita za ziada aghalabu hazirudi. Vitabu kama Baseball Prospectus, kilichoanza 1996, hubeba kazi hiyo ya kutenganisha uwezo na bahati, mchezaji kwa mchezaji. Ndiyo maana shabiki hukitaka mikononi kabla mpira wa kwanza wa msimu haujarushwa, wakati timu yake bado haijapoteza hata mechi moja.