Mfuate Aretha Franklin kupitia piano

Wengi wanaotaka kumjua Aretha Franklin, mwimbaji wa soul wa Marekani, huanza na mkusanyiko wa nyimbo zake zilizovuma. Humo hukutana zaidi na Aretha wa 1967 hadi 1970, wakadhani wamemmaliza. Kumbe ameacha rekodi za tangu 1956 hadi 2014, zenye injili, jazi, bluzi, pop, hata opera. Ushauri wangu ni mmoja: kila unapoweka wimbo wake, sikiliza kwanza nani anapiga piano. Akipiga mwenyewe, ndiye anayeamua lini wimbo uvute pumzi na lini upande, na bendi nzima humfuata.

Anza na "Never Grow Old" ya 1956, iliyorekodiwa New Bethel Baptist, Detroit, kanisa la baba yake, Mchungaji C. L. Franklin. Binti ana miaka 14 na piano ni yake. Rekodi ina mikwaruzo, lakini usiikimbie. Anavuta silabi moja, anaiacha piano ijaze nafasi, waumini wanaitikia, ndipo anaendelea.

Miaka yake katika kampuni ya rekodi ya Columbia, 1960 hadi 1966, hudharauliwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba mara nyingi alizungukwa na vinanda vya nyuzi visivyomwachia nafasi. Hata hivyo albamu ya 1964 ya kumuenzi mwimbaji Dinah Washington inaonyesha alivyoweza kuimba taratibu bila kupoteza nguvu. Hapa pana mtego: Columbia iliendelea kutoa akiba ya rekodi zake hata baada ya yeye kuhamia kampuni ya Atlantic, kwa hiyo angalia tarehe ya kurekodi, si ya kutolewa. Usipofanya hivyo utadhani mwaka 1967 alikuwa akirudi nyuma.

Sasa njoo studio ya FAME, Muscle Shoals, Alabama, Januari 1967. Mtayarishaji Jerry Wexler wa Atlantic alimkalisha kwenye piano. Mpiga kinanda Spooner Oldham akahamia piano ya umeme, na ni yeye aliyegundua ule mdundo wa kusitasita unaofungua "I Never Loved a Man". Vaa hedifoni usikilize: piano ya umeme inauliza, sauti inajibu, ngoma zinachelewa kidogo makusudi. Siku hiyo iliishia kwa ugomvi, na wimbo wa pili, "Do Right Woman", ukabaki na msingi tu wa ala. Ulimaliziwa New York, Aretha akiongeza piano na ogani, na dada zake Carolyn na Erma wakiitikia. Ndiyo maana una uwazi mwingi kiasi kile. Kwangu mimi ni somo bora kuliko wimbo wenyewe uliovuma.

"Respect" isikilize mara mbili mfululizo: kwanza ya mwimbaji Otis Redding ya 1965, kisha ya Aretha. Kwa Otis ni mwanamume anayedai heshima. Kwa Aretha dai limegeuzwa, na waitikiaji wamekuwa nusu ya hoja. Hata saksafoni ya King Curtis katikati inaingia kwa ufunguo wa mbali kabisa, ambao toleo la Otis halina.

Kilele, kwa maoni yangu, ni albamu ya injili *Amazing Grace*, iliyorekodiwa kanisani Watts, Los Angeles, usiku wa tarehe 13 na 14 Januari 1972, pamoja na Mchungaji James Cleveland na kwaya yake. Tafuta toleo la 1999 lenye usiku zote mbili. La awali lilichagua na kupanga upya. Filamu yake ilikaa kabatini miaka mingi kwa sababu wapigapicha hawakutumia vibao vya kulinganisha picha na sauti, ikatoka 2018 tu. Humo Aretha anaketi kwenye piano na kuimba tena "Never Grow Old". Baba yake anasogea na kumfuta jasho usoni, naye haachi kupiga.

Miaka ya 1980 mdundo ni wa mashine na watayarishaji: Luther Vandross kwenye *Jump to It* ya 1982, Narada Michael Walden 1985. Chagua chache. Kisha ruka hadi Desemba 2015, ukumbi wa Kennedy Center, Washington: ana miaka 73, anaingia na mkoba wake, anauweka juu ya piano, anaketi, na kuanza kupiga.